Pareto: siri iko katika umbo

Geuza kopo la dawa ya mbu katika duka lolote la Kangemi au Westlands, usome maandishi madogo ya mgongoni: permethrini, deltamethrini, alethrini. Ukoo wa majina hayo ni ua jeupe la pareto, lililostawi Limuru, juu kidogo ya Nairobi. Wengi huamini kwamba wanakemia walinakili sumu ya ua hilo. Molekuli zenyewe zinasema vingine: walifaulu pale walipoacha kunakili.

Mwaka 1924 wanakemia Staudinger na Ruzicka walieleza kwamba sumu ya pareto ni esta, yaani asidi iliyoungana na alkoholi, na upande wa asidi una pete ndogo ya kaboni tatu. Sumu hiyo humwangusha mbu upesi, ila jua huimaliza mapema. Mwanakemia Michael Elliott na wenzake, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, waliibadilisha kipande kwa kipande, wakijaribu kila molekuli mpya kwa wadudu. Upande wa alkoholi wakaweka pete mbili za benzini zilizounganishwa kwa oksijeni. Upande wa asidi wakaondoa methili mbili zilizokuwa zikiharibiwa na mwanga, wakapachika klorini mbili. Ndiyo permethrini ya mwaka 1973. Ichore kando ya piretrini, sumu ya ua: kinachofanana hasa ni ile pete ya kaboni tatu, kiungo cha esta na mkao wa jumla. Neva ya mbu haiulizi molekuli imetoka wapi. Inachojua ni umbo linaloingia kwenye mlango wake wa sodiamu na kuuzuia usijifunge. Deltamethrini inalidhihirisha hilo vizuri zaidi: atomu zilezile zaweza kupangika kwa mikao 8, na uliochaguliwa ni mmoja tu.

Wapo wanaosema maabara ndizo zilizoua shamba la pareto. Ushindani ulikuwepo, lakini Kenya iliendelea kuongoza duniani miaka mingi baada ya 1973, na malipo yaliyochelewa yaliwang'oa wakulima wengi shambani. Hoja nzito zaidi dhidi ya dawa hizi ni usugu wa mbu. Badiliko dogo katika mlango ule wa sodiamu hupunguza makali ya permethrini, na ya pareto asilia pia, kwa kuwa zote hulenga mahali pamoja. Kurudi kwenye ua peke yake hakutatui hilo. Ndiyo maana baadhi ya neti mpya huchanganya piretroidi, yaani dawa za ukoo wa permethrini, na klofenapiri, isiyougusa mlango huo kabisa: huvuruga utengenezaji wa nguvu ndani ya seli za mbu.