Pumzika, Jitu Linakuja

Buibui ndiye aliyeniua mara ya kwanza, lakini si yeye aliyeniangusha. Nilijiangusha mwenyewe. Nilikuwa nimeingia kwenye mapango ya Dungeons of Daggorath vile ninavyoingia gemu yoyote ya siku hizi: mbio, kona hii, kona ile, nione kuna nini mbele. Chini ya skrini kulikuwa na kamoyo kadogo kanadunda. Sikukajali. Kakaanza kudunda haraka, nikadhani ni pambo tu. Kakazidi, mistari ya kuta ikaanza kufifia, halafu skrini ikawa nyeusi tii. Nilikuwa nimezimia. Mwangaza uliporudi, buibui alikuwa usoni pangu na sikuwa na nguvu ya kubishana naye.

Kusema ukweli, nilikasirika. Ni gemu gani hii inamwadhibu mtu kwa kukimbia? Nilifunga laptopu nikalala. Kesho yake nilirudi, na nimekuwa nikirudi tangu hapo, kwa sababu nashuku hasira ile ilikuwa inanieleza mimi kuliko ilivyoieleza gemu.

Kwanza historia kidogo. Dungeons of Daggorath ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa DynaMicro, na Tandy ikaichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kompyuta yake ya nyumbani, TRS-80 Color Computer. Kompyuta hiyo, iliyoingia sokoni mwaka wa 1980, ilichomekwa kwenye televisheni ya sebuleni, na gemu ikachomekwa ubavuni mwake ikiwa ndani ya katriji ya plastiki. Gemu nzima, majitu na mapango na mchawi mwenyewe, ilikaa ndani ya kilobaiti 8. Stika moja ya WhatsApp kwa kawaida ni kubwa kuliko hiyo. Mimi naicheza kwa emuleta, yaani programu inayoifanya laptopu yangu ijidai ni kompyuta hiyo ya zamani.

Jina la kompyuta linataja rangi, lakini Daggorath haina rangi. Ni mistari tu, nyeusi na nyeupe. Unaona ujia ulioko mbele yako kwa macho yako mwenyewe, si kutoka juu kama ramani. Kazi yako ni kushuka viwango vitano hadi umfikie mchawi, umuue. Unaanza na upanga wa mbao na mwenge wa msonobari, na mwenge huo unaisha. Unavyozidi kuchoka, mistari ya mbali inakatikakatika, inakuwa vidoti, mwisho huoni chochote. Mtu yeyote aliyewahi kuangalia mita ya stima ikikaribia sufuri saa nne usiku, na hana pesa za tokeni, anaijua hiyo hofu bila kufundishwa.

Hakuna kipanya, hakuna vitufe vya mishale. Unaandika amri. Herufi M na Enter, unapiga hatua. T na L, unageuka kushoto. A na R, unashambulia kwa kilichoko mkono wa kulia. Ukitaka kutoa kitu mkobani uandike, ukitaka kukiokota uandike. Na wakati unaandika, gemu haikungojei. Majitu yanatembea. Ndiyo maana vidole vinatetemeka, unakosea herufi moja, na gemu inakujibu kwa alama tatu za kuuliza, kama karani aliyechoka nyuma ya dirisha. Umepoteza sekunde mbili. Nyoka amekuuma.

Hapa ndipo watu wengi wa rika langu wataacha, na siwalaumu. Nilidhani pia kwamba huo uandishi ni udhaifu wa enzi zile, kitu cha kuvumilia. Sasa naona ni nusu ya maana yake. Ukibonyeza kitufe kwenye gemu za leo, mwili ulioko kwenye skrini unatii papo hapo, na ukishindwa unajua ni wewe hukubonyeza kwa wakati. Daggorath inaweka umbali kati ya kutaka na kutenda. Unajua kabisa unachotaka kufanya, lakini mikono haifiki. Hofu ya kweli hufanya hivyo hivyo.

Nusu ya pili ni ule moyo.

Gemu za mapangoni za wakati ule zilikuwa zimerithi hesabu kutoka michezo ya mezani. Chukua Wizardry, iliyotoka mwaka wa 1981 kwenye Apple II. Kila mhusika wako ana namba za uhai, na vita vinakwenda kwa zamu. Umebakiwa na 7, adui naye anakungoja kwa adabu huku ukipiga hesabu. Hata Dungeon Master, iliyokuja mwaka wa 1987 kwenye Atari ST na ambayo nayo haikumngoja mchezaji, iliweka uhai na uchovu katika vijistari vya rangi kando ya picha za wahusika wako. Ukiona mstari umebaki robo, unajua ni robo.

Daggorath haikuambii chochote cha aina hiyo. Hakuna namba, hakuna mstari. Kuna moyo tu, unaouona na kuusikia. Ukitembea unadunda zaidi. Ukirusha upanga, zaidi. Ukibeba mizigo mingi, kila hatua inagharimu zaidi. Ukipigwa, ndiyo usiseme. Ukisimama tuli unatulia, polepole. Hiyo ndiyo afya yako yote: mdundo, ambao lazima uusikilize na kuukadiria.

Tofauti hii si ya mapambo. Namba inakuruhusu kupatana bei na mwili wako. Nina 7, pigo moja la adui ni 3, basi naweza kuvumilia mapigo mawili. Moyo haupatani bei. Unadunda haraka, lakini je, ni haraka kiasi cha kuzimia? Hujui mpaka umezimia. Kiswahili kimeubebesha moyo kazi nyingi: tunapiga moyo konde, tunakufa moyo, tunafanya kazi kwa moyo mmoja. Karibu kila mara unakuwa ushujaa au nia. Daggorath inaurudisha kuwa nyama. Hapa ukipiga moyo konde bila kupumzika, unaanguka.

Kwa hiyo gemu inakuletea swali ambalo sijakutana nalo kwingine likiulizwa vizuri hivi. Kila kiumbe kina sauti yake, na sauti inapanda kadiri kinavyokaribia. Umetoka kupigana, moyo unakwenda kama treni, na mahali fulani nyuma ya ukuta unasikia kitu kinakuja. Ukikimbia, moyo utapanda zaidi. Ukikifuata, utafika ukiwa umekwisha. Mara nyingi jibu bora ni kutofanya chochote. Unasimama gizani, vidole juu ya kibodi, huandiki, unasikiliza sauti mbili: yake inapanda, yako inashuka. Ni mashindano. Ukijaliwa, moyo wako utatulia kabla jitu halijaingia mlangoni. Jitu linakuja, na kazi yako ni kupumzika.

Niseme kwa nini hili lilinigusa. Mwaka jana nilizimia stejini. Ilikuwa siku ya tatu ya kumalizia kazi ya mtu fulani aliyeitaka jana, nilikuwa nimelala masaa machache, nimekunywa chai na mandazi moja. Saa yangu ya mkononi, ile ya kuhesabu hatua, ilikuwa imenipongeza asubuhi hiyo kwa kufikisha lengo. Macho ndiyo yaliyotangulia kuondoka: pembeni pakawa giza, kisha katikati. Masikio yalibaki. Nilisikia makanga akiita abiria na nikasikia moyo wangu, mkubwa ajabu, kama uko nje yangu. Halafu nikaona viatu vya watu.

Nikicheza Daggorath na kuzimia humo, mambo yanakwenda kwa mpangilio ule ule. Picha inafifia, lakini mdundo haunyamazi. Sijui waliotengeneza gemu walilijua hilo kutoka wapi, lakini ndani ya kilobaiti 8 walipata nafasi ya kuliweka. Nimecheza gemu za mabilioni, zenye jasho linalong'aa kwenye shingo ya shujaa, na hakuna iliyowahi kunikumbusha ile steji.

Wengi wanaoijua Daggorath leo wameijua kupitia riwaya ya Ernest Cline, Ready Player One, ya mwaka 2011. Humo kijana Wade Watts anaikuta kompyuta hii ndani ya chumba cha utotoni cha bilionea aliyefariki, na ni lazima aimalize gemu ili alifikie lango la kwanza. Anaimaliza, kwa sababu amekariri kila kitu alichokipenda bilionea huyo. Ni haki kusema kwamba gemu inaruhusu hivyo: mapango hayabadiliki, na mwenye ramani kichwani ana nafuu kubwa. Lakini riwaya inaihitaji Daggorath iwe mtihani, swali lenye jibu moja, na mtihani hauhitaji moyo. Ukiisoma unajua Wade amepita. Hujui mdundo ule ulimfanya nini. Nadhani Cline aliipenda gemu hii kweli, lakini aliipenda kama mtu anavyopenda kombe kabatini.

Sitaki kuifanya takatifu. Kuna mambo yanachosha, na si uchovu ule mzuri. Bila kuchora ramani kwa penseli utapotea. Mwenye kompyuta halisi alihifadhi safari yake kwenye mkanda wa kaseti na kungoja, na ninashukuru emuleta imeniondolea adha hiyo. Chini zaidi, viumbe wanakuwa wakali bila kuwa wa kuvutia zaidi. Pete za uchawi ni wazo zuri, kwamba pete hailii moto mpaka uitamke kwa jina lake la siri, lakini mtu asiye na kitabu cha maelekezo anaweza kuizungusha kidoleni hadi afe.

Ugomvi wangu mkubwa na Daggorath hauko hapo, uko kwenye mwisho wake. Kila kiumbe unachoua kinakuongezea nguvu. Ukishakuwa na nguvu, vitendo vile vile vilivyokuwa vikikuangusha havikusumbui tena. Unarusha upanga na moyo hautikisiki. Unakimbia kwenye ujia ulionizimisha siku ya kwanza kana kwamba unakwenda dukani. Gemu iliyonifundisha kusimama inanilipa kwa kunifanya mtu asiyehitaji kusimama. Katikati ya safari unamuua mchawi, kumbe ni taswira yake tu. Ukimuua mwenyewe chini kabisa, zawadi yako ni kuwa mchawi mpya.

Ni mwisho wa giza, na naukubali kama hadithi. Lakini naujua pia kama ahadi, kwa sababu ndiyo tunayouziwa kila siku: hasola sasa, choka sasa, ukifika juu hutachoka tena. Kila mtu aliyewahi kunipa kazi ya jana ameniahidi kitu cha namna hiyo. Nilipomaliza gemu, baada ya wiki kadhaa na ramani zilizojaa daftari zima, sikusikia furaha niliyoitarajia. Nilikuwa na moyo imara na hakuna kilichonitisha, na kwa hiyo hakukuwa na la kusikiliza.

Ndiyo maana nikirudi Daggorath sasa sishuki mbali. Naanza upya, kiwango cha kwanza, upanga wa mbao, moyo mchanga. Navaa vipokea sauti kwa sababu jirani wa juu ana lake. Natembea hatua nne, nasimama. Hatua nne, nasimama. Wanaotafuta gemu ya kuwapitishia muda kwenye matatu watafute nyingine. Mwenye usiku mmoja mtupu aijaribu hivi: asipigane na chochote kwa dakika kumi za kwanza. Asimame tu mahali fulani gizani, na asikilize mpaka ajue sauti ipi ni ya buibui na ipi ni yake.