Upepo wa Kusi Ukifika Kodagu

Upepo wa kusi unaovuma pwani yetu kuanzia Aprili, ule ule uliosukuma majahazi kutoka Lamu na Zanzibar kuelekea Bara Hindi, hauishii baharini. Unavuka Bahari ya Uarabuni ukiwa umebeba maji, na mwanzoni mwa Juni unaigonga milima ya Ghats, kusini-magharibi mwa India. Hapo unalazimika kupanda, unapoa, na mzigo wote unashuka. Wasemaji wa Kikannada, moja ya lugha za huko, ambao sensa ya 2011 iliwahesabu kuwa kiasi cha milioni 44, mvua hizo wanaziita mungaru, na zile za baadaye katika mwaka hingaru. Aliyelelewa na masika na vuli hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Filamu ya Mungaru Male, iliyotoka mwishoni mwa Desemba 2006, ilichukua jina lake hapo. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara kinachonirudisha ni namna ilivyopigwa ndani ya mvua.

Hadithi yenyewe ni fupi. Kijana wa Bengaluru, Preetham, anatumbukia kwenye shimo la barabarani huku macho yake yakiwa kwa msichana asiyemjua. Msichana anamtoa, anaondoka, na saa yake ya mkono inabaki kwa kijana. Baadaye Preetham anafuatana na mama yake hadi Madikeri, kwenye milima ya kahawa ya Kodagu, kuhudhuria harusi. Bibi harusi ni yule yule. Na nyumba aliyofikia Preetham ni ya baba wa msichana.

Mvua haionekani kirahisi kwenye kamera. Ukikaa barazani unaiona kwa sababu jicho linafuata tone linavyoanguka; kamera haina subira hiyo. Ukiimulika kutoka mbele, matone yanapotea, unabaki na watu waliolowa bila kujulikana wamelowa na nini. Mwanga sharti utokee nyuma ya mvua, na nyuma yake pawe na kitu cheusi: msitu, ukuta, ubavu wa mlima. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa filamu huleta gari la maji na mabomba yenye matundu, wakanyesha wanapotaka na kuacha wanapotaka. Lakini mvua ya bomba huwanyeshea wahusika tu. Hatua ishirini nyuma yao kumekauka, na jicho linajua, hata kama mwenye jicho hawezi kusema amejuaje.

Mwongozaji Yogaraj Bhat na mpiga picha S. Krishna waliifuata mvua yenyewe, Sakleshpur, Madikeri, hadi maporomoko ya Jog, ambako Mto Sharavathi unaanguka zaidi ya mita 250. Matunda ya kazi hiyo yako nyuma ya wahusika. Mvua inanyesha puani pa kijana, inanyesha kwenye mti ulio nyuma yake, na inanyesha kwenye kilima cha mbali mpaka kilima kinageuka moshi. Mawingu yameulainisha mwanga, nyuso hazina vivuli vikali, na kijani kimekolea. Uzuri huo una gharama yake. Wingu halingoji mwigizaji akumbuke maneno. Kioo cha kamera kinafutwa na kufutwa tena, na nywele zilizolowa asubuhi zinatakiwa zilowe vile vile picha inaporudiwa jioni.

Sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi tumezoea mvua iwe pambo la wimbo: inashuka, watu wanacheza, inaisha. Hapa mvua ina kazi. Treni iliyobeba wageni wa harusi inachelewa saa tano, Preetham na msichana waliokwenda kuwapokea wanapanda hadi hekalu la mlimani kupitisha muda, na mvua inawafungia kwenye kibanda cha mzee na mkewe. Hakuna aliyepanga. Kinachowaleta karibu ni kutokuwa na pa kwenda.

Baba wa msichana, Kanali Subbayya, anaigizwa na Anant Nag. Kumfanya mwanajeshi mstaafu kulikuwa chaguo la mtu anayeijua Kodagu, eneo dogo lililowatoa Cariappa na Thimayya, wakuu wa jeshi la India. Kanali ni mzito wa kusikia, na tunamcheka kwa hilo, mpaka siku Preetham anapomwendea kumwomba binti. Kabla kijana hajafungua mdomo, mzee anamweleza kwamba moyo wake ni mgonjwa, anaweza kufa wakati wowote, na anachosubiri ni harusi hii tu. Anant Nag anayasema hayo bila kupandisha sauti. Mtu aliyekuwa hasikii anasema, na kijana asiyenyamaza anakosa la kusema.

Maana Preetham, anayeigizwa na Ganesh, ni msemaji mno. Mashairi ya wimbo maarufu kuliko zote wa filamu hii, ulioimbwa na Sonu Nigam kwa muziki wa Mano Murthy, yaliandikwa na Jayanth Kaikini, mwandishi wa hadithi fupi, na katika wimbo huo kijana anatulia, anasema kama mtu anayejishangaa. Kwingineko maneno yanamwagika. Lakini lile zito anamwambia sungura tu, aliyempa jina la Devadas, mpenzi aliyeharibikiwa wa riwaya ya Kibengali. Katika ngano zetu sungura ndiye mjanja mwenye neno la mwisho. Huyu yeye husikiliza tu.

Ukumbi mmoja wa Bengaluru uliionyesha filamu hii kwa zaidi ya mwaka. Nadhani watu walirudi kwa ajili ya mvua, na kwa ajili ya kijana anayekutana usiku na bwana harusi aliyepotea njia, akampeleka mwenyewe hadi mlangoni, asiingie. Harusi inafungwa. Katika safari ya kurudi Devadas anakufa, na Preetham anabaki hana wa kumwambia.