Kwa Nini Furu Huacha Kula Konokono

Bunju anayefugwa kwenye tangi la maji ya bahari hawezi kuishi kwa chakula laini peke yake. Meno yake hayaachi kukua, na asipopata konokono au kaa wa kuvunja, yanarefuka mpaka anashindwa kula. Ndiyo maana mfugaji makini, kabla hajalipia samaki, huuliza amelelewa kwa kula nini. Swali hilo lina uzito zaidi katika kazi iliyowahi kufanywa magharibi mwa Kenya, ya kupandikiza samaki kwenye mabwawa ili wale konokono wanaoeneza kichocho. Sisi wa Kendu Bay tuna kila sababu ya kuielewa kazi hiyo, maana ugonjwa bado tunao.

Samaki mwenyewe ni furu wa Ziwa Victoria, Astatoreochromis alluaudi, aliyeelezwa kitaalamu na Jacques Pellegrin mwaka 1904. Ni wa manjano, ana safu za madoa ya mviringo kwenye pezi la chini karibu na mkia, na jike hulea mayai mdomoni. Kwa umbo la nje huwezi kumtilia maanani. Silaha yake iko kooni. Ukipasua koo la furu mkubwa aliyevuliwa ziwani, unakutana na mfupa mnene wa pembetatu, mgumu kama kokoto, na juu yake meno bapa yaliyosongamana, makubwa katikati na madogo pembeni. Konokono huingia mzima mdomoni, husukumwa nyuma, na hapo hubanwa kati ya mfupa huo na mingine iliyo juu yake mpaka gamba linapasuka. Ziwani huyu furu huvunja hata Melanoides, yule konokono mrefu aliyesokotwa, mwenye gamba gumu kuliko wengi. Biomphalaria na Bulinus, wanaobeba kichocho, magamba yao ni membamba. Kwake si kazi.

Kwa hesabu hiyo wazo lilikuwa zuri sana. Biomphalaria hubeba kichocho cha utumbo na hujaa kwenye matete na magugu maji ya ufukweni, pale pale watu wanapofua, wanapooga na kuteka maji. Bulinus hubeba kichocho cha kibofu, na hupenda vidimbwi na mabwawa ya kunyweshea ng'ombe huko juu, mbali na ziwa. Dawa ya praziquantel huua minyoo iliyo mwilini, lakini haimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi majini. Ukipunguza konokono, unakata mzunguko katikati.

McMahon, Highton na Marshall walichapisha matokeo ya majaribio ya magharibi mwa Kenya mwaka 1977. Konokono walipungua katika baadhi ya mabwawa, ila si kwa kiwango kimoja kila mahali wala kwa kila aina. Furu huyo alipelekwa pia hadi Kameruni, na huko mambo yakaenda kombo: samaki waliishi, wakazaana, na konokono wakabaki. Mholanzi Roelof Slootweg aliandika mwaka 1995 kueleza sababu, na mimi naona maelezo yake ndiyo kiini cha habari yote.

Msingi wake ulikuwa umewekwa zamani. Mwaka 1965 P. H. Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyewahi kufanya kazi Jinja, alionyesha kwamba furu wa aina hiyo wakikulia tangini bila konokono, mfupa wa koo unabaki mwembamba na meno yanakuwa madogo, yaliyochongoka. Ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni kazi ambayo koo lilifanya utotoni. Hoja ya Slootweg inaanzia hapo: mweke samaki kwenye bwawa lenye wadudu tele, mabuu na pumba za mfugaji. Kuvunja gamba kunachukua muda na nguvu, naye ana chakula laini mbele yake. Atakula laini. Watoto wake watakua kwa chakula hicho hicho, na kizazi kinachofuata hakitakuwa na koo la kumvunja konokono mkubwa hata kikitaka.

Hapo ndipo penye mgongano kwa mfugaji wa hapa. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009 ulichimba mabwawa mengi ya samaki nchini, na bwawa la namna hiyo likiachwa likaota nyasi kandokando linageuka nyumba ya konokono. Lakini mfugaji wa ngege (tilapia) anataka samaki wanenepe haraka, kwa hiyo anamwaga chakula kila siku. Bwawa hilo hilo haliwezi kumlazimisha furu kula konokono. Kwa maoni yangu furu apewe mabwawa ya mifugo, yasiyolishwa kitu, na nyasi za ukingoni zing'olewe kwanza, kwa sababu konokono hujificha humo na samaki hafiki. Kung'oa mimea ya majini si kazi ndogo ya kando: huko Senegal utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kuiondoa peke yake kulipunguza maambukizi mapya kwa watoto.

Vifaranga nao wasitoke kwenye kituo kinachowalisha unga. Walelewe kwa konokono wadogo, kisha wakubwa kidogo, na Melanoides waongezwe ili koo lifanye kazi kweli. Nao ni samaki wa ziwa letu wenyewe: bwawa likifurika, wanarudi walikotoka. Hatuwezi kusema hivyo juu ya kamba wa Louisiana aliyeletwa Naivasha mwaka 1970, wala juu ya mbuta (sangara), mgeni mwingine.

Kila mwezi konokono wachotwe kwa chujio mahali pale pale na kuhesabiwa. Kizazi cha pili kikishakua, samaki wachache wapasuliwe koo na mfupa utazamwe. Ukiwa umeanza kuwa mwembamba, wazazi wapya waletwe kutoka ziwani, na wakati huo wote watoto wa shule waendelee kupewa dawa.