Jenerali Wahle na Njia ya Iringa

Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 19, 1916, Jenerali Kurt Wahle wa jeshi la Wajerumani alikuwa keshauacha mji, anaelekea kusini-mashariki.

Mzee huyu wa Saksonia hakutumwa Afrika kupigana. Alikuwa mstaafu wa miaka kama 60, ameshuka Dar es Salaam Agosti 1914 kumtembelea mwanawe, Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta hapo. Akakubali kupokea amri za Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, ambaye wakati huo alikuwa luteni kanali tu, na kazi yake ya kwanza ikawa kusimamia njia za kupitishia chakula na risasi. Kazi hiyo haikumpa sifa, lakini ilimfunza hesabu ya mzigo na tumbo.

Hesabu hiyo ilihitajika alipoliondoa jeshi Tabora. Tabora hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 400, sehemu kubwa nchi kame, na reli ya kati ilikuwa imeshatekwa. Jeshi zima lingefuata njia moja, wa mbele wangemaliza nafaka na maji, wa nyuma wakaangamia. Wahle akaligawa katika safu, kila moja na kamanda wake na njia yake, zikutane na vikosi vya Lettow-Vorbeck upande wa Mahenge.

Katikati ya njia hiyo alikaa jenerali Mwingereza Edward Northey, aliyepanda kutoka Nyasaland na kuishika Iringa tangu Agosti. Vikosi vyake vilikuwa vimesambaa mno milimani, na hapo ndipo Wahle alipopenya. Oktoba na Novemba safu zake zilishambulia hadi Malangali na Lupembe. Ngome hizo mbili hazikuanguka, ila wengi wa watu wake walipita.

Gharama ya kugawanyika ilionekana Ilembule. Safu zilipotezana, na ile ya kamanda Hübner ikabaki peke yake mpaka ikajisalimisha Novemba 26, pamoja na mzinga wake.

Mzigo wote huo ulibebwa vichwani na wapagazi, na askari walikula mahindi na ng'ombe wa Wahehe na Wabena, watu ambao vita haikuwa yao. Kumsifu jenerali bila kuwataja hao ni kuwadhulumu mara ya pili.

Wahle aliendelea na Lettow-Vorbeck hadi Msumbiji, akarudi naye 1918. Oktoba, jeshi likiharakisha kwenda Mbozi na mpaka wa Rhodesia, yeye mgonjwa aliachwa Ubena, eneo la Njombe ya leo, si mbali sana na Lupembe. Waingereza wakamchukua hapo.