Ribaundi 26 za Biyombo kwenye Maneti

Tarehe 21 Mei 2016, mjini Toronto, Bismack Biyombo alimaliza mechi akiwa na pointi 7. Ukitazama pointi peke yake utadhani alikaa benchi nusu ya usiku. Kumbe aliunyaka mpira wa kurudi mara 26, akawafutia Cleveland ya LeBron James mitupo 4, na timu yake, Toronto Raptors, ikashinda 99 kwa 84 katika fainali ya Kanda ya Mashariki ya NBA. Kabla ya hapo hakuna mchezaji wa klabu hiyo aliyekuwa amefikisha ribaundi nyingi hivyo katika mechi ya mtoano. Biyombo ni mzaliwa wa Lubumbashi, mwaka 1992. Kwa hiyo kijana wa Ruashi, mtaa wa mji huo huo, anayeshika maneti (vidhibiti vya michezo ya video) na kufungua mchezo wa NBA 2K ana haki ya kuuliza: usiku ule umo humu ndani?

Swali hilo halijibiki kwa haraka, kwa sababu NBA 2K ni kazi ya mikono ya watu wengi na ya miaka mingi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999 kwenye mashine ya Dreamcast, likitengenezwa na Visual Concepts kwa ajili ya Sega, na Allen Iverson kwenye jalada. Mwaka 2005 Sega iliiuza studio hiyo kwa Take-Two, likazaliwa jina la 2K Sports, na kila mwaka toleo jipya limefuata. Washindani wamejaribu. Mwaka 2010 kampuni ya EA iliuondoa mchezo wake, NBA Elite 11, siku chache kabla ya kuuingiza sokoni, baada ya toleo la majaribio kuonyesha mchezaji akiwa amegandia katikati ya uwanja, mikono kaitandaza, huku wenzake wakiendelea kumzunguka. Waliojaribu si wazembe. Mpira wa kikapu ni mgumu kuuingiza kwenye kioo.

Ruashi, kama kwingine Lubumbashi, maneti kwanza ni ya mpira wa miguu, na mji wa klabu ya TP Mazembe hauhitaji kuombwa radhi kwa hilo. Lakini linganisha michezo hiyo miwili kwa jicho la fundi. Katika soka mpira uko mbali na mwili muda mwingi, wachezaji wametawanyika, kamera iko juu, na mguu ukikosea kidogo hakuna anayeona. Katika kikapu watu 10 wamebanana kwenye uwanja wa mita 28 kwa 15, mpira uko mkononi, na jicho la mtazamaji halibanduki kwenye mkono huo. Kiganja kikigusa mpira nusu sekunde kabla ya wakati wake, uongo unaonekana. Bega likipenya ndani ya kifua cha mpinzani badala ya kugongana nacho, imani inakufa hapo hapo.

Hapo ndipo heshima yangu kwa watengenezaji hawa inapoanzia. Wachezaji halisi huvishwa mavazi yenye vijidude vya kuakisi mwanga, kamera nyingi zikanasa kila kiungo kinavyokwenda, kisha mafundi wakayakata yale waliyoyanasa vipande vifupi: hatua moja, mgeuko mmoja, dribo moja kutoka kulia kwenda kushoto. Mchezaji wa maneti anaweza kubadili nia wakati wowote, kwa hiyo kila kipande lazima kiweze kukatizwa na kuunganishwa na kingine bila mwili kuruka. Ni kazi ya fundi cherehani aliyepewa viraka: ustadi wake wote uko kwenye mshono usioonekana. Tangu 2K24 wameongeza mbinu wanayoiita ProPLAY, inayochota miendo moja kwa moja kutoka picha za mechi halisi za NBA.

Matunda yake yanaonekana zaidi kwenye mtupo. Unabonyeza kitufe cha mraba, unashikilia, unaachia. Kitu kidogo sana, lakini kila nyota ana mkono wake mwenyewe. Stephen Curry huachia mapema, mpira ukiondoka wakati bado anapanda. Mwingine husubiri mpaka kileleni. Ukizoea mkono wa mmoja, ukichukua wa mwingine utakosa mpaka ujifunze upya. Huo ni ualimu wa kweli. Nimesikia vijana wakibishana juu ya kiwiko cha mtu ambaye hawajawahi kumwona akicheza isipokuwa kwenye mchezo huu, na walichokisema kuhusu kiwiko hicho kilikuwa sahihi.

Sasa mchukue pivo, yule mrefu wa chini ya kikapu.

Kila mchezaji kwenye 2K ana makumi ya alama, kutoka 25 hadi 99: kurusha, kudribo, kuzuia, ribaundi za ulinzi, ribaundi za ushambulizi, nguvu, na kadhalika. Upana wa mikono nao huhesabiwa, na huu ni uamuzi wa busara, maana mikono ya Biyombo ikitandazwa inapita mita 2.2, na bila mikono hiyo yeye si yeye. Kwenye ubao unaweza kushikilia L2 ukamziba mpinzani kwa mgongo, kisha ukabonyeza pembetatu kuruka. Hapa pia pana ustadi: unausikia uzito wa mtu nyuma yako, miguu ikisaga sakafu, na ukimpoteza kwa hatua moja umempoteza kabisa. Waliofikiria kifungo hicho wanaijua kazi ya pivo.

Tatizo ni kinachofuata. Mpira unapogonga ringi, mara nyingi mchezo humnasa mtu mmoja katika mwendo uliokwisha kurekodiwa na kumpelekea mpira mikononi, na aliyejipanga vizuri hubaki akitazama. Mtupo una mkono wa kila mtu, lakini ribaundi haina. Biyombo halisi alikuwa akiugusa mpira kwa ncha za vidole, akiutoa kwenye msongamano, akiruka mara ya pili kabla wengine hawajatua kutoka mara ya kwanza. Mruko huo wa pili ndio uliomlisha. Mwaka 2011, kwenye mechi ya vijana ya Nike Hoop Summit, alipata pointi 12, ribaundi 11 na bloku 10, na kabla yake hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika historia ya mashindano yale. Miezi michache baadaye alichaguliwa wa 7 kwenye drafti ya NBA. Kwenye maneti mruko wa kwanza na wa pili inafanana, na wa pili mara nyingi huchelewa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalizungumzi: dakika. Mechi ya NBA ina dakika 48. Kwenye mchezo, robo huwekwa dakika 5 au 6, na mahali ambapo watu wanalipia mechi huku wengine wakisubiri zamu, hupunguzwa zaidi. Katika dakika 20 mitupo inayokosa ni michache, kwa hiyo ribaundi 26 haziwezi kupatikana hata ucheze kwa ubingwa gani. Mrushaji hapungukiwi na kitu, maana mtupo mmoja wa pointi tatu una utamu wake peke yake. Kazi ya pivo ni ya kulimbikiza. Anamchosha mwenzake robo ya kwanza ili amshinde robo ya nne, na ukikata muda umemnyang'anya mshahara wake.

Lubumbashi imetoa pivo mwingine wa aina hiyo hiyo. Oscar Tshiebwe, aliyezaliwa hapa mwaka 1999, alikuwa na wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi akiwa Chuo Kikuu cha Kentucky msimu wa 2021-22, akatangazwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Mwaka uliofuata drafti ya NBA ilipita bila jina lake kutajwa, ikabidi aingie ligi kwa mlango wa pembeni. Namtaja kwa sababu nataka kuwa mwadilifu kwa watengenezaji. Upungufu huu hawakuubuni wao. Ligi yenyewe imekuwa ikimlipa anayerusha na kumpima kwa mashaka anayeokota, na mchezo umeiga mizani ya ligi. Hata hivyo zamani mambo yaliwahi kuwa tofauti: NBA Jam ya 1993, mchezo wa wawili kwa wawili wenye picha za kuchekesha, ilimweka Dikembe Mutombo wa Kinshasa katika Denver, na aliyemchagua alimchagua kwa ajili ya kufuta mitupo. Mchezo mdogo, lakini mlinzi alikuwa mfalme ndani yake.

Upungufu mwingine wa 2K ni wa fedha, nao sina subira nao. Matoleo mapya yanachukua zaidi ya gigabaiti 100. Sehemu ya kujenga mchezaji wako mwenyewe inategemea intaneti, na alama zake zinanunuliwa kwa sarafu ya ndani inayoitwa VC, ambayo anayetaka kwenda haraka huilipia kwa fedha halisi. Kisha, baada ya miaka kama miwili, seva huzimwa: za 2K20 zilizimwa mwishoni mwa 2021, za 2K21 mwishoni mwa 2022. Kilichonunuliwa humo kimekwenda. Kwa mtu anayenunua megabaiti kidogo kidogo, na anayejua umeme wa SNEL unavyoweza kukatika kabla robo haijaisha, huo ni mchezo uliojengwa kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine. Ufundi ule wote wa miguu na mikono unastahili kuishi zaidi ya mkataba wa seva.

Ndiyo maana nazithamini diski za zamani. 2K11, yenye Michael Jordan kwenye jalada na mechi zake 10 za kihistoria za kurudia, inafunguka leo kama ilivyofunguka mwaka 2010, bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini kwa Ruashi ningetafuta 2K16. Hiyo ndiyo diski ya msimu ule: Biyombo yuko Toronto, LeBron yuko Cleveland, na mechi ya kawaida haihitaji intaneti.

Ukiipata, weka robo za dakika 12. Mtoe Jonas Valančiūnas, pivo wa kwanza wa Toronto, kwenye kikosi cha kwanza, maana siku ile alikuwa ameumia, na mwanzishe Biyombo. Kisha bakia na Biyombo peke yake mechi nzima, usirukie kwa mwenzake Kyle Lowry kila mpira unapofika kwake. Nenda kwenye vipimo vya ugumu upunguze kidogo usahihi wa mitupo ya pande zote mbili ili mipira ya kurudi iwe mingi. Shikilia L2 kabla mtupo haujaondoka mkononi mwa mpinzani, si baada yake, na usibonyeze pembetatu mpaka mpira uanze kushuka. Robo ya kwanza utaona hupati chochote. Kuanzia ya tatu, Tristan Thompson wa Cleveland ataanza kuchelewa hatua moja, na mipira itaanza kukuangukia.

Ishirini na sita ni nyingi. Kumi na tano zinapatikana.