Simfoni Iliyoomba Ruhusa ya Kwenda Nyumbani

Benga ya Kikamba tunayoisikia Mutomo kila siku hujengwa kwa kuongeza. Mara nyingi gita la solo hutangulia peke yake, ridhimu na besi hufuata, kisha ngoma, ndipo mwimbaji huingia. Mwaka 1772, mtunzi Joseph Haydn aliigeuza njia hiyo: alianza na okestra nzima, akaipunguza mpaka wakabaki wawili.

Mwanamfalme Nikolaus Esterházy, mwajiri wa Haydn, alikuwa amekawia kwenye kasri lake la Eszterháza, Hungaria. Wengi wa wanamuziki wake walikuwa wameacha wake na watoto katika mji wa Eisenstadt. Aliyelelewa na mama peke yake huku baba akitafuta riziki Mombasa haelezwi uchungu wa jambo hilo.

Haydn hakuandika barua ya kuwaombea ruhusa. Aliandika Simfoni ya 45. Kii aliyoichagua, F shapu maina, ilikuwa nadra sana katika simfoni za wakati huo. Pembe za shaba hazikuwa na vali, zilitoa tu sauti ambazo bomba lake liliruhusu, kwa hiyo ilibidi yatengenezwe mabomba ya ziada ili ziweze kuipiga. Huo ni ukaidi wa fundi anayejua anachokitaka.

Simfoni za enzi hiyo kwa kawaida zilikuwa na sehemu nne: ya kasi, ya polepole, dansi ya minueti, kisha ya kasi ya kufungia. Sehemu ya nne hapa inakimbia kwa hasira, halafu inakatika ghafla kabla haijatua. Msikilizaji anangoja mlio wa kumaliza. Badala yake unaanza wimbo wa taratibu, katika kii ya A meja.

Sikiliza hapo kwa makini. Obo ya kwanza, ndugu wa zumari letu, na pembe ya pili hupiga vifungu vyao vya mwisho na kunyamaza. Inaondoka basuni, kisha obo na pembe zilizosalia. Besi kubwa, ambayo siku zote hubeba wenzake, inapewa nafasi ndefu ya kuaga. Selo, fidla nyingi, viola, wote wanaondoka. Inasemekana kila mmoja alizima mshumaa wake na kutoka.

Zinabaki fidla mbili zilizofunikwa sauti, zikinong'ona katika F shapu meja. Giza la mwanzo limekwisha kuwa nuru.

Masimulizi yanasema Mwanamfalme alielewa, na kesho yake msafara ukaondoka Eszterháza.