Butura na Dhamiri Iliyowekwa Kando

Mwaka 2016 Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa kitabu chenye swali tunaloulizana kila msimu wa kahawa hapa Nkwenda: mtu anayejua jema na baya anawezaje kumdhuru mwenzake, kisha akalala usingizi? Anajibu kwamba dhamiri haifi. Tunaiweka kando kwa muda. Anataja njia nane za kufanya hivyo. Tendo tunalipa jina laini, tunalilinganisha na baya zaidi, tunasema kila mtu anafanya, hata tunamlaumu aliyeumia.

Tulisoma hayo tukiifikiria butura. Serikali imeipiga marufuku, nasi tunaikemea mimbarani. Mnunuzi huja kahawa ingali maua, akatoa fedha kidogo, na wakati wa mavuno magunia ni yake. Msikilizeni akijitetea. "Nilimsaidia tu." "Nisingenunua mimi angenunua mwingine." "Mbona alikuja mwenyewe kunibembeleza?" Ungedhani Bandura aliwahi kuketi nasi kwenye baraza za Nkwenda.

Lakini kwa muuzaji maelezo hayo hayatoshi. Mama mwenye mgonjwa hospitalini hajaiweka dhamiri kando. Kanuni anaijua, bei halali anaijua, na anajua kwamba Januari atakosa fedha za sare na madaftari. Ndiyo maana anauza usiku, kwa aibu. Aliyenyamazisha dhamiri angejificha ya nini? Kitabu kinawachunguza wanaodhuru wengine. Kwa anayevunja kanuni huku akijiumiza mwenyewe hakina neno la kutosha.

Sisi wachungaji tumewachanganya watu hawa wawili. Mahubiri yetu juu ya butura humwangukia muuzaji, kwa kuwa ndiye anayeinamisha kichwa. Mnunuzi huleta sadaka nono ya mavuno, nasi tunamshukuru kwa jina, bila kuuliza imetoka shamba la nani. Kufumbia macho madhara ni mojawapo ya zile njia nane, na hapo anayelala usingizi ni mchungaji.

Katika Katekisimu Ndogo ya 1529, Luther hakuishia kukataza wizi. Alipoieleza amri ya saba alitaka pia tumsaidie jirani kuitunza na kuiongeza mali yake. Watoto wetu wa kipaimara wanalikariri hilo. Je, yule mama alipokuwa akitafuta fedha, usharika wake ulikuwa na mfuko wowote wa kumkopesha? Mara nyingi hapakuwa na kitu, na mlango pekee uliokuwa wazi usiku ule ulikuwa wa mnunuzi.

Sikukuu ya mavuno inakaribia. Bado tunashauriana tutamwambia nini ndugu huyo, gunia lake likiwa limeshafika mbele ya madhabahu.